Oili ya Injini: Ibadilishwe Lini? Mafunzo kutoka Milima ya Uluguru



Msimu wa mavuno ukifika, gari la mkulima halina mapumziko. Lachukua wachumaji alfajiri, larudi na karafuu mbichi jioni, na karafuu zikisha kukauka lapeleka magunia kituoni. Gari likifa siku hizo, hasara yake si ujira wa fundi peke yake. Karafuu mbichi hazingoji. Zikilundikwa bila kuanikwa huvunda, rangi ikaharibika na daraja ikashuka. Ndiyo sababu swali la oili ya injini, ingawa laonekana dogo, huulizwa kila mara na wenye magari miongoni mwetu: ibadilishwe lini?

Majawabu tuliyozoea kuyasikia ni mawili. Mwenye mali husema: tungoje kilomita zilizoandikwa kwenye kibandiko cha gereji. Dereva husema: tazama rangi, imekuwa nyeusi, imwagwe leo. Kila mmoja ana ukweli kidogo, lakini hakuna hata mmoja mwenye jawabu la kutosha. Ili tuelewane vizuri, twapenda kuwapeleka wanachama bara, kwa wakulima wenzetu wa karafuu wa Milima ya Uluguru, Morogoro. Huko jambo hili huonekana wazi kuliko kwetu.

KAZI YA GARI MLIMANI

Mji wa Morogoro umekaa kiasi cha mita 500 juu ya bahari, chini ya milima ambayo vilele vyake virefu vyapita mita 2,600. Upande wa mashariki hupokea pepo za Bahari ya Hindi na mvua nyingi, na huko ndiko iliko mikarafuu ya Matombo, Mkuyuni na Kinole, pamoja na mdalasini, pilipili manga na migomba.

Gari litokalo Morogoro kwenda Dar es Salaam lapita barabara ya lami, kiasi cha kilomita 190. Dereva hukaa kwenye gia ya juu muda mrefu, na injini hufanya kazi yake kwa utulivu. Gari liendalo kwa wakulima wa mlimani lina kazi nyingine. Lapanda kwa gia ya kwanza na ya pili huku limejaa shehena. Lateremka kwa gia hizo hizo ili injini isaidie breki. Lasimama likinguruma wakati mikungu na magunia yakipakiwa. Kiangazi lameza vumbi, na masika lahangaika katika tope.

Sasa tufanye hesabu. Gari la barabara kuu likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, litamaliza kilomita 5,000 kwa saa 100 za kazi. Gari la mlimani, tukihesabu na kusimama kwake, pengine halipati wastani wa zaidi ya kilomita 15 kwa saa. Kumaliza kilomita 5,000 zile zile litahitaji saa 333. Mita ya mwendo yasema magari haya mawili yamefanya kazi sawa, lakini injini ya pili imefanya kazi mara tatu na zaidi, tena katika joto na mzigo.

Hilo ndilo jambo tunalotaka wanachama walishike: kilomita hupima mwendo wa magurudumu, na oili huchoshwa na kazi ya injini. Watengenezaji wa matrekta na majenereta walilijua hili zamani, ndiyo maana wao huhesabu saa. Kwa mashine nyingi za namna hiyo mpaka ni kama saa 250.

OILI HUCHOKAJE?

Oili ina kazi zaidi ya kulainisha. Yapoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, yabeba masizi na uchafu mpaka kwenye filta, na yazuia kutu. Ili iweze kazi hizo yote huchanganywa na dawa kiwandani. Dawa hizo ndizo ziishazo kwanza. Joto kali hufanya oili iwe nzito. Dizeli au petroli isiyoungua ikivuja kupita pistoni huifanya iwe nyepesi. Mvuke wa maji na salfa ya mafuta hufanya asidi ilayo bushi za krenki. Kwa upande wa salfa hali imekuwa njema zaidi tangu mwaka 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kufuata kipimo cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni kwa dizeli. Lakini mlima haukupungua urefu, na vumbi halikupungua.

RANGI HUDANGANYA

Sisi wakulima wa karafuu tumefundishwa kuamini macho na vidole. Karafuu iliyokauka sawasawa twaijua kwa rangi yake, na tukiivunja yatoa mlio. Basi ni rahisi mtu kudhani kwamba oili nayo itajulikana hivyo hivyo. Sivyo. Katika injini ya dizeli oili mpya huweza kuwa nyeusi katika siku chache tu, maana imeanza kubeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Aimwagaye kwa sababu ya weusi peke yake amwaga mali. Kwa upande mwingine, oili ya gari la petroli yaweza kuonekana safi hali dawa zake zimekwisha.

Hata hivyo ziko dalili ambazo haifai kuzipuuza:

Oili ikiwa nyeupe kama maziwa au chai ya maziwa, maji yameingia. Pengine gasketi ya silinda hedi imekufa. Kubadilisha oili peke yake hakutaponya. Gari lipelekwe kwa fundi.

Oili ikipanda juu ya alama bila mtu kuongeza, na ikinuka dizeli au petroli, mafuta yavuja ndani. Ibadilishwe upesi, na sababu itafutwe.

Ukiisugua baina ya vidole ukasikia mchanga mchanga, vumbi au chuma kimeingia. Filta ya hewa nayo itazamwe.

Iko pia njia ya mafundi ya tangu zamani. Chukua tone moja kutoka kwenye kijiti cha kupimia, lidondoshe juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, uliache likauke. Likitawanyika kwa rangi iliyo sawa, oili bado yabeba uchafu vizuri. Likiacha doa zito jeusi katikati lenye ukingo mkali, masizi yamegandamana na oili imechoka.

Tahadhari mbili. Kwanza, kijiti kisomwe gari likiwa mahali pa sawa, na injini imezimwa kama dakika kumi. Katika vijiji vya Uluguru kupata mahali pa sawa kwahitaji kutafuta, lakini kipimo cha kwenye mteremko ni cha uongo. Pili, taa nyekundu ya oili haisemi kwamba oili ni kuukuu. Yasema kwamba msukumo wake umepungua. Ikiwaka njiani, dereva azime injini pale pale. Akijikaza mpaka kijiji cha mbele huenda akafika na injini isiyofaa tena.

KANUNI TUNAYOPENDEKEZA

Kitabu cha gari kifuatwe kwanza, hasa ukurasa uelezao kazi ngumu, kwani wenye magari wengi husoma ule wa kazi ya kawaida tu. Kitabu kikiwa kimepotea, na oili ikiwa ni ya kawaida, sisi twaona ifuatwe hesabu hii: kilomita 5,000, au saa 200 za kazi, au miezi 6, lolote litakalotangulia. Kwa gari la mlimani saa ndizo zitakazotangulia, kiasi cha kilomita 3,000. Kwa gari la barabara kuu zitatangulia kilomita. Filta ibadilishwe pamoja na oili, maana filta iliyojaa huchafua oili mpya tangu siku ya kwanza. Kwenye kopo itazamwe namba, kama 15W-40, na herufi za daraja: zianzazo na C ni za dizeli, zianzazo na S ni za petroli. Ichaguliwe ile iliyotajwa na mtengenezaji.

KWETU VISIWANI

Mwanachama atasema: sisi hatuna Uluguru. Ni kweli, lakini tuna ugumu wetu. Gari litokalo shambani kwenda uwanja wa kuanikia, kisha Wete au Chake Chake na kurudi, hwenda safari fupi fupi. Injini huzimwa kabla haijapata moto wa kutosha kukausha maji na petroli iliyoingia katika oili. Kisha msimu ukiisha, gari hulala miezi chini ya mwembe na oili ile ile chafu tumboni, asidi ikifanya kazi yake kimya. Kwa gari la namna hii miezi ndiyo itakayotangulia, hata kama kilomita 1,000 hazijatimia. Ni afadhali kumwaga oili baada ya msimu, kabla gari halijalazwa.

Neno jingine ni la oili iliyomwagwa. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, waanzia katika milima ile ile ya Uluguru. Oili imwagwayo mtaroni juu husafiri na maji mpaka chini. Kwetu sehemu nyingine maji ya visima yako chini ya mawe ya matumbawe yapitishayo maji kwa urahisi. Oili chafu itiwe katika dumu lenye kizibo na irudishwe gereji iipokeayo. Isimwagwe shambani wala karibu na kisima.

Basi kabla wachumaji hawajaanza kazi, kila mwenye gari na afungue daftari dogo, alifunge kwa kamba ndani ya gari. Dereva aandike tarehe ya oili mpya, kilomita za siku hiyo, na kila jioni saa injini ilizofanya kazi. Saa zikifika 200, mwenye mali na dereva hawatakuwa na la kubishania.