Mtumbwi wa Kila Maji: Urefu Gani Unalifaa Bonde la Kilombero?

Gogo la mvule likishalala chini na matawi yake kukatwa, fundi wa mtumbwi hana la kuamua kuhusu upana. Mti ulishaupanga upana huo miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Kilichobaki mikononi mwake ni urefu: akate wapi? Akikata mita 4 atapata chombo chepesi cha mtu na mwanawe. Akikata mita 8 atapata chombo cha kuvusha mavuno na watu wake. Na akishakata, basi. Mtumbwi mrefu unaweza kufupishwa, lakini hakuna tezo inayorudisha kipande kilichotoka.

Uamuzi huo unastahili hesabu, kwa sababu maji ya Bonde la Kilombero hayana tabia moja. Barabara ya kutoka Mikumi na Kidatu inapofika Kibaoni, mlangoni mwa Ifakara, imeacha milima ya Udzungwa upande mmoja, na ng'ambo ya mto zinaonekana nyanda za juu za Mahenge. Katikati ni mbuga tambarare ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani, ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 7,970. Kiangazi mto Kilombero hujikusanya katika mkondo wake. Masika hupanda kingo na kutambaa mbugani, na mto Lumemo nao huibishia hodi mitaa ya Ifakara. Maji yanayopita hapa ni zaidi ya nusu ya yote yanayoufikia mto Rufiji.

Kwa hiyo mtumbwi uleule, siku ileile, hukata mkondo mkuu wenye nguvu, huingia kijito kilichobanwa na matete, kisha humalizia kwenye shamba la mpunga lenye maji ya magotini, chini ya dungu la familia. Tangu mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, limechukua kazi ya kivuko, na abiria wa Lupiro na Mahenge wanavuka wakiwa ndani ya basi. Kazi ya mbugani haikuchukuliwa na daraja. Mvuvi wa kambale na perege bado anahitaji mtumbwi, na mkulima aliyezungukwa na maji mwezi wa Aprili pia.

Tuanze na kuzama, kwani hapo ndipo roho za watu zilipo. Kanuni ya Archimedes inasema chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake pamoja na mzigo. Chukua mtumbwi wenye upana wa sentimita 55 mahali maji yanapougusa, uliochongoka mbele na nyuma, wenye kuta za sentimita 4 hivi. Nikiuhesabu kwa mvule mkavu, ambao mita moja ya ujazo ina kilo 640 hivi, kila mita ya urefu inakuja na karibu kilo 25 za mti. Sasa wapakie watu wazima wawili na gunia la mpunga, jumla kilo 230. Mtumbwi wa mita 4 utazama sentimita 21. Wa mita 5.5 utazama 17. Wa mita 8 utazama 14.

Tazama namba hizo kwa makini. Mita moja na nusu ya kwanza iliyoongezwa imetuokolea sentimita 4. Mita mbili na nusu zilizofuata zimetuokolea 3 tu, kwa sababu mti ulioongezwa nao ni mzigo unaodai maji yake. Faida ya urefu inapungua kila unapoendelea, lakini jasho la kuchonga na kuburuta halipungui hata kidogo.

Zipo hesabu nyingine ndani ya hiyo, na ningependa kila kijana anayepokea nauli ya mtumbwi azijue. Kama ukuta wa mtumbwi una kimo cha sentimita 35, ule wa mita 5.5 unabakiwa na sentimita 18 za ukingo juu ya maji baada ya mzigo tuliousema. Kila kilo 21 zinazoongezwa zinakula sentimita moja. Gunia la pili la kilo 100 linauacha ukingo kwenye 13. Watu wengine wawili wanaufikisha 7, na sentimita 7 ni kimo cha wimbi dogo la upepo wa alasiri. Mtumbwi wa mita 4 unaifikia hatari hiyo kwa gunia lile la pili pekee. Abiria anayeambiwa ajibane kidogo kwa sababu nafasi ya kukaa ipo, anaangalia kipimo kisichohusika. Nafasi inayookoa ni ile iliyo kati ya maji na mdomo wa mtumbwi.

Wapo wanaosema mtumbwi mrefu una mbio. Ni kweli kwa masharti. Mhandisi Mwingereza William Froude, ambaye mwaka 1872 alianza kuvuta vielelezo vya meli katika birika refu alilolijenga Torquay, aliutenganisha ukinzani wa maji katika sehemu mbili: msuguano wa maji kwenye ngozi ya chombo, na nguvu inayopotea katika kutengeneza mawimbi. Chombo kinapoongeza mwendo, wimbi lake la mbele hurefuka, hadi linapolingana na urefu wa chombo chenyewe; kuanzia hapo ni kama kupanda kilima kisichoisha. Kwa mtumbwi wa mita 4 kilima hicho huanza kwenye kilomita 9 kwa saa, kwa wa mita 6 kwenye 11, na kwa wa mita 9 kwenye 13 na nusu.

Lakini nani anapiga kafi peke yake kwa kilomita 9 kwa saa, akiwa na mpunga ndani? Mwendo wa kazi ni ule wa mtu anayetembea, kilomita 4 au 5, na katika mwendo huo mawimbi hayana neno kubwa. Kinachoshika mtumbwi ni msuguano, nao unafuata ukubwa wa ngozi iliyo majini. Kwa mzigo wetu uleule, mtumbwi wa mita 8 unalowesha eneo linalokaribia mara 1.7 ya lile la mtumbwi wa mita 4. Mtu mmoja ndani ya mtumbwi mrefu anaburuta ngozi ya bure. Mbio za mtumbwi mrefu zinakuja wakiwepo wapiga kafi watatu au wanne.

Mbugani kuna breki nyingine ambayo mtu wa maji makuu haijui. Wimbi katika maji mafupi haliwezi kukimbia litakavyo. Kasi yake inawekewa mpaka na kina. Maji yakiwa na kina cha sentimita 30, mpaka huo ni kilomita 6 na kidogo kwa saa. Mtumbwi unapoukaribia, nyuma hukaa chini, pua huinuka, na matope huanza kugusa kitako. Ndiyo maana ndani ya mashamba kafi huwekwa pembeni na upondo ukashika kazi: nguvu zinatoka kwenye ardhi yenyewe, taratibu, na haraka haileti kitu.

Kisha kuna kugeuka. Vijito vya mbugani vina kona kali, matete yamesogea pande zote mbili, na nyuma ya kona anaweza kuwepo kiboko. Ukirefusha mtumbwi mara mbili bila kubadili unene wake, ugumu wa mti wenyewe kugeuzwa unapanda mara 8, maana uzito umeongezeka na pia umesogea mbali na katikati. Kutoka mita 4 hadi 5.5 ugumu huo unapanda mara 2.6, jambo ambalo mikono ya mtu mzima inalimudu. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mtumbwi mfupi mno nao hautulii katika mkondo mkuu: kila pigo la kafi linaipeleka pua kushoto au kulia, na nusu ya nguvu inaishia kurekebisha njia. Mtumbwi mrefu hushika njia yake na kukata mkondo bila kuyumba.

Mvutano huohuo wameujua watu wa nchi za theluji. Wanaoteleza kwa mbao za skii huuliziana urefu kama mafundi wetu: ubao mrefu huelea vizuri juu ya theluji laini na hutulia ukienda kasi, ubao mfupi hugeuka upesi. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Katika mashindano ya namna yake, kanuni za kimataifa zinataka ubao wa mwanamke usiwe mfupi kuliko sentimita 155 pale kona zinapofuatana karibu karibu, na usipungue sentimita 188 pale kona zinapokuwa pana na kasi kubwa. Mshindani anabadilisha mbao kulingana na mbio. Anayetaka ubao mmoja wa mlima mzima, kwa theluji ya kila namna, huchagua katikati, mara nyingi kati ya kidevu na utosi wake. Mwenye mtumbwi mmoja Kilombero yuko katika hali hiyo ya pili.

Kwa maoni yangu, mtumbwi wa familia moja katika bonde hili ungekuwa na mita 5 hadi 6. Unapita kona, mtu mmoja anaumudu, na unabeba gunia bila kuumeza ukingo. Anayevusha mizigo mto mkuu kila siku akiwa na wenzake achonge mita 8, na asiulete kwenye vijito.

Miaka nayo ina lake la kusema. Mti unapokauka haunywei pande zote kwa kiasi kimoja. Kuuzunguka moyo wake unapungua asilimia kadhaa. Kwa urefu unapungua sehemu moja hivi katika elfu. Mtumbwi wa mita 6 unaweza kupoteza milimita 6 za urefu, nao ule upana wa sentimita 55 ukapoteza sentimita 1 hadi 2. Kwa hiyo urefu uliouchagua siku ya kwanza utakaa nao hadi mwisho, wakati kuta zikijivuta na kutafuta pa kupasukia. Nyufa huanza kwenye ncha, kwa sababu mishipa ya mti imekatwa pale na maji hutoka haraka kuliko ubavuni. Ncha zilizoachwa nene huchelewesha ufa kufika mahali penye maji. Mtumbwi ulioanikwa juani kiangazi kizima utahitaji bati, misumari na lami kabla ya masika.

Uliokaa majini nao unakunywa. Ule wa mita 5.5 ukinyonya lita 40, na kwa mti wa miaka mingi hilo si ajabu, utazama karibu sentimita 2 zaidi kabla hata mtu hajaingia. Mwenye mtumbwi mkongwe apunguze mzigo, hata kama chombo kinaonekana ni kilekile.

Hata hivyo, kati ya jua na maji, mti hupona zaidi majini. Ukifunikwa kabisa na maji au tope hewa inakuwa haba, na ukungu unaoozesha mbao unakosa pumzi. Kwa njia hiyo mtumbwi wa Pesse, uliofukuliwa Uholanzi mwaka 1955 wakati wa kujenga barabara, umedumu takriban miaka 10,000. Una urefu wa mita 2.98 na upana wa sentimita 44. Wengi walitilia shaka kama kweli ni chombo cha majini, hadi mwaka 2001 nakala yake ilipochongwa na mtu akaipiga kafi. Mtumbwi wa Dufuna, uliopatikana kaskazini mashariki mwa Nigeria mwaka 1987, una umri wa miaka 8,000 hivi na urefu wa mita 8.4. Mafundi hao hawakujua hesabu za Froude, lakini mmoja alikata karibu mita 3 na mwingine zaidi ya 8, na vipimo vyetu vya leo vinaangukia katikati yao.

Kinachonitia wasiwasi ni magogo. Mvule na mkangazi wenye unene wa kutoa mtumbwi huchukua miaka mingi kukua, na misitu iliyobaki ina ulinzi inaouhitaji. Wapo waliopata njia ya kuunyoosha mti mwembamba. Huko Soomaa, bonde la mafuriko nchini Estonia, mafundi huchonga mtumbwi wa kuta nyembamba, huulainisha kwa maji na moto, kisha huufungua pole pole hadi upanuke. Ufundi huo uliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kwetu njia iliyo karibu ni mtumbwi wa mbao zilizounganishwa, na hapo mti hauamui tena upana. Fundi wa mbao ana uhuru ambao mchonga gogo hakuwa nao, lakini akiiga umbo la mtumbwi wa zamani kama lilivyo, atakuwa ameuacha uhuru huo mezani. Uwezo wa chombo kukataa kupinduka unafuata upana uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukitoka sentimita 55 hadi 65, uwezo huo unapanda kwa zaidi ya asilimia 60. Ili kuupata kwa urefu peke yake, mtumbwi wa mita 5.5 ungelazimika kufika karibu mita 9. Nikienda kwa fundi wa mbao nikiwa na fedha ya mita moja ya ziada, ningemwomba aiache mita hiyo na kunipa sentimita 10 za upana, na mbao zikibaki, aziongeze kwenye kimo cha kuta.