Mpanda ngazi na ajifunze kushuka

Wahenga walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli aliyeanguka: mwanasiasa aliyebwagwa katika uchaguzi au mkubwa wa ofisi aliyepokonywa wadhifa. Mimi naona kwamba wahenga walikusudia jambo lenye uzito kuliko kejeli. Walitukumbusha kwamba kushuka ni sehemu ya safari ya ngazi, na kwamba asiyejua kushuka hakustahili kupanda.

Siku hizi somo la uongozi limeenea kila mahali. Makanisani, vyuoni na katika shule zetu za upili, vijana hufunzwa kujiamini, kusema mbele ya umati na kujiwekea malengo. Mafunzo haya si mabaya, nami nimewahi kuyatoa. Hata hivyo, takriban yote hufunza kupanda. Ni nani huwafunza viongozi kujitawala wakishafika juu, na kuachia kiti saa inapowadia? Naamini kwamba kwa kiongozi anayeiungama imani ya Kikristo, kipimo cha kujiongoza ni kimoja: je, aweza kukiacha kwa hiari kile ambacho ana uwezo wa kukishikilia?

Tuanze pale ambapo Injili zenyewe zinaanzia. Mathayo na Luka wanasimulia kwamba Yesu, kabla ya kuianza kazi yake, alikaa jangwani siku 40 akifunga, na huko akajaribiwa mara tatu. Jaribu moja lilihusu mkate: autumie uwezo wake kwa ajili ya tumbo lake. Jingine lilihusu sifa: ajitupe kutoka juu ya hekalu ili watu wastaajabu. Jingine lilihusu milki: apewe falme zote za dunia kwa bei ya kusujudu. Ni kwa kukataa kuyafanya hayo alikoanzia uongozi wake. Tena Luka anadokeza kwamba mjaribu hakuondoka moja kwa moja, bali alikwenda kungoja nafasi nyingine. Kujitawala, basi, si mtihani unaofanywa mara moja na cheti kikatolewa.

Hapa ndipo imani inapoachana na vitabu vingi vya kujiendeleza vinavyouzwa madukani. Vitabu hivyo humwambia msomaji kwamba yeye ni bwana wa nafsi yake. Mkristo hufundishwa kwamba yeye ni msimamizi tu wa mali ya mwingine, naye msimamizi hudaiwa hesabu. Atatoa hesabu ya muda wake, ya ulimi wake, ya hasira yake na ya fedha alizoaminiwa. Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu wanaotaka kuwa waangalizi wa kanisa, alisisitiza kwamba kwanza watazamwe jinsi wanavyosimamia nyumba zao. Nathubutu kuongeza kwamba kabla ya nyumba kuna kifua cha mtu mwenyewe, na humo ndimo ghasia nyingi za uongozi huzaliwa.

Kwa kuwa naandika hasa kwa walimu na wanafunzi, nitachukua mifano miwili ya walimu.

Wa kwanza ni Edward Carey Francis, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1897. Alikuwa mwanahisabati aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kazi ambayo wengi wangeishikilia hadi uzeeni. Mwaka 1928 aliiacha akaja Kenya kama mmishenari, akawa mkuu wa shule ya Maseno. Mwaka 1940 alihamia Alliance, kule Kikuyu, akaiongoza shule hiyo hadi mwaka 1962. Chini yake walipita vijana wengi waliokuja kushika nyadhifa kubwa katika serikali ya Kenya huru.

Alikuwa na dosari zake. Alikuwa mkali, tena mtu wa enzi za ukoloni, na aliipinga Mau Mau. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2012 jinsi miaka hiyo ilivyokuwa kwa kijana aliyetoka katika kijiji kilichoteswa na sheria za hali ya hatari. Sitaki kulificha hilo.

Lakini tazama alichokifanya mwaka 1962. Baada ya kuongoza kwa miaka zaidi ya 30, mtu huyu hakutafuta kiti kingine cha heshima, wala hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda Pumwani, mtaa wa walalahoi jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya upili. Aliyekuwa akiwapangia wengine vipindi sasa alipangiwa vyake. Aliyekuwa akisikizwa na mawaziri sasa aliingia darasani na chaki mkononi, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1966. Katika maisha yake yote sioni hotuba iliyonifunza uongozi kuliko miaka hiyo minne.

Mfano wa pili ni wa jirani yetu, Julius Nyerere, ambaye hata alipokuwa Rais watu walizidi kumwita Mwalimu. Alibatizwa mwaka 1943 akiwa kijana, akafundisha Tabora na kisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha kazi ya ualimu alipolazimika kuchagua kati ya darasa na siasa. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, yeye akiwa Waziri Mkuu. Hata miezi miwili haikutimia. Mwezi wa Januari 1962 alijiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa nafasi hiyo, naye akazunguka nchini kukijenga upya chama chake cha TANU. Alirejea serikalini mwishoni mwa mwaka huo akiwa Rais. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipolalamikia masharti ya kujiunga na jeshi la kujenga taifa, aliwafukuza. Lakini papo hapo aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari yake, akarudi kijijini Butiama.

Yeye naye alikuwa na dosari. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki ilipitishwa wakati wake, na katika miaka ya 1970 wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu. Hata alipouacha urais aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Lakini mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri waziwazi kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Tuulizane kwa dhati: ni viongozi wangapi, wa serikali au wa kanisa, ambao tumewasikia wakiyasema maneno kama hayo huku wangali kitini? Kukiri kosa nako ni kushuka ngazi, na huenda ikawa ndiyo hatua iliyo ngumu kuliko zote.

Siwaleti wawili hawa kama malaika, bali kwa sababu kila mmoja, pamoja na makosa yake, alionyesha kwamba cheo hakikummeza. Alikuwa na nafsi kabla ya cheo, nayo ikabaki baada ya cheo. Aliye na cheo tu na hana nafsi hukishikilia kama mzamaji anavyoshikilia ubao, maana anajua kwamba akikiachia, hakitabaki kitu.

Yamkini msomaji ataniambia kwamba unyenyekevu wa namna hii ni udhaifu, na kwamba katika ulimwengu wetu mnyonge hukanyagwa. Nakubali kwamba kuna unyenyekevu wa bandia, unaomfanya mtu akimbie wajibu kwa kisingizio cha upole. Lakini hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Ni ile ya kiongozi anayesema kwamba Mungu ndiye aliyemchagua, kwa hivyo asiulizwe na yeyote. Mfalme Daudi alikuwa amepakwa mafuta kwa amri ya Mungu, na bado alimtwaa mke wa Uria na kupanga kifo cha Uria vitani. Kilichomwokoa Daudi si mafuta yale, bali ni kwamba palikuwapo Nathani aliyethubutu kumkabili, naye Daudi akajishusha na kusikia. Sauli aliyemtangulia alipakwa mafuta vilevile, lakini wivu ulimtawala hadi ukammaliza.

Taifa letu liliutambua udhaifu huu wa binadamu. Katiba ya mwaka 2010 ilitenga sura nzima, ya sita, kwa uongozi na uadilifu. Ni sura njema. Lakini sheria huweza tu kumkamata mwizi baada ya kuiba. Haiwezi kumfanya mtu asitamani. Kazi hiyo hufanyika mahali pasipofika askari wala hakimu.

Ndugu zangu walimu, jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya. Baadhi yetu tulilalamika kwamba tumepokonywa mamlaka. Kwangu mimi marufuku hiyo ilikuwa kioo. Fimbo ilipoondoka, ilibainika ni mwalimu yupi aliyekuwa akiheshimiwa na ni yupi aliyekuwa akiogopwa. Mwalimu anayefika darasani kwa wakati, anayesahihisha madaftari na kuyarudisha, asiyemtukana mtoto hata akichokozwa, huyo hakupungukiwa na kitu. Amri yake ilitoka kwake mwenyewe, wala haikutoka mkononi.

Nanyi walimu wakuu, mkumbukeni Musa. Kitabu cha Kutoka kinasimulia jinsi alivyokaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, hadi mkwewe Yethro alipomwonya kwamba angejichosha yeye na watu wake. Akamshauri ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa, aliyesema na Mungu, alimsikiliza baba mkwe wake! Na alipofika ukingoni mwa Kanaani bila kuingia, tayari Yoshua alikuwa amelelewa kuipokea kazi. Nimewahi kumwona mwalimu mkuu aliyestaafu akikataa kukabidhi funguo za ghala kwa majuma matatu, walimu wakiazima chaki kutoka shule jirani. Mtu huyo alihubiri vizuri sana kila Ijumaa. Ni funguo zile zilizotuambia alikuwa nani.

Kwa wanafunzi nina neno pia, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Kiranja anayejipakulia nyama nyingi kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa bwalo, anayewaruka wenzake katika foleni ya maji, anayemwandika adui yake katika orodha ya wapiga kelele na kumwacha rafiki yake, tayari anajifunza utawala atakaouendeleza akiwa mkubwa. Fedha za umma haziibwi na watu walioanza kuiba wakiwa na miaka hamsini. Vilevile mwenyekiti wa chama cha Wakristo shuleni ambaye hawezi kuimba katika kwaya ambayo mwingine anaiongoza, ajihoji kama alimtumikia Mungu au alikitumikia kiti.

Basi, mtu hujifunza vipi kushuka? Kwa mazoezi madogo ya kila siku. Mtakatifu Ignatius wa Loyola, aliyeishi kati ya mwaka 1491 na 1556, aliwafunza wafuasi wake kuipitia siku yao mara mbili, adhuhuri na jioni, wakiuliza wapi walimwitikia Mungu na wapi walimkwepa. Zoezi hilo halihitaji fedha wala semina. Dakika kumi kabla ya kulala zatosha: nilisema nini kwa hasira? Ni sifa ya nani niliyojitwalia? Ni nani niliyemkatiza kabla hajamaliza kusema?

La pili, kila kiongozi na ajitafutie Nathani wake: mtu mmoja asiyemwogopa wala kumhitaji, mwenye ruhusa ya kumwambia ukweli. Mganga hajigangi, na jicho halijioni. La tatu, azoee kutoa nafasi angali na nguvu. Mwalimu mkuu amwachie naibu wake kuongoza mkutano. Mchungaji aketi kwenye benchi na kumsikiliza kijana akihubiri. Kiranja mkuu ashike ufagio siku ya zamu ya usafi, bila kumwita mpiga picha.

Yohana anasimulia kwamba usiku wa mwisho, akijua kwamba yote yamewekwa mikononi mwake, Yesu aliondoka mezani, akajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Petro alikataa mwanzoni, kwa maana hakuwahi kumwona mkubwa akiinama. Watoto wetu wengi wangali kama Petro katika jambo hilo. Wamewaona wakubwa wakipanda, wakisukumana na kung'ang'ania. Muhula huu, mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, na waone angalau mmoja akiinama.