Hawala ya Benki na Gari za Mnadani



Msimu ukisha kupita na wachumaji wakisha kupewa haki zao, mwenye kubakiwa na kitu hupenda kukitia katika jambo la kudumu. Zamani jambo hilo lilikuwa bati la nyumba, au ng'ombe. Siku hizi aghlabu ni gari, khasa gari ndogo ya mizigo ya kuchukulia karafuu, mkungu wa ndizi, na watu pia. Na nyingi katika gari hizo ni zile zilizokwisha kutumiwa Japani.

Hapo kwanza mtu alikwenda Dar es Salaam akaitazama gari uwanjani, akaipiga teke magurudumu na akaisikiliza mashine yake. Sasa kijana wake hufungua simu, akaiona gari katika mnada wa Japani, akataja bei, na kesho yake akaambiwa kuwa imekuwa yake. Basi na apeleke fedha kwa hawala ya benki, ile ambayo makarani wa benki huiita TT, kabla ya siku chache kupita. Hapo ndipo tunapomwomba mwanachama asimame kidogo.

Katika mnada tuujuao sisi, dalali yuko mbele yetu, kitu kiko mbele yetu, na mwenye mali yuko pembeni anatazama. Mnunuzi hukishika kile kitu kwanza, ndipo akatia mkono mfukoni. Minada ya gari Japani si hivyo. Ni ya wafanya biashara walioandikishwa tu. Mmoja katika mikubwa yake, USS Tokyo, uko katika mji wa Noda, mkoa wa Chiba, na hufanywa kila Alkhamisi. Gari hupita moja baada ya moja, na kila moja huuzwa kwa sekunde chache. Mtu aliyekaa Wete hawezi kuingia humo kwa jina lake. Hununua kwa mkono wa wakala mwenye ruhusa. Kwa hivyo fedha zako haziendi mnadani, zinakwenda kwa wakala. Mtu aweza kuusifu mnada wa Japani kutwa nzima kwa kanuni zake kali, na akawa hajasema neno lolote juu ya huyo anayepelekewa fedha.

Na hawala yenyewe ni kitu gani? Haibebi noti. Hubeba khabari tu. Karani wa benki huandika amri, amri hiyo hupita katika mtandao wa SWIFT, shirika lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, na benki moja au mbili za kati hutoa hapa na kutia pale katika vitabu vyao, mpaka fedha zikaandikwa kwa mpokeaji. Njiani ni nadra kupotea. Kwa hivyo mtu akisema kuwa hawala ya benki ni salama, amesema kweli, lakini amesema nusu. Njia ndiyo iliyo salama. Benki imeahidi kuzifikisha fedha kwenye namba uliyoiandika, wala haikuahidi kwamba mwenye namba hiyo ni mwaminifu, au kwamba gari ipo.

Tena kuna mambo mawili ambayo watu wengi hawayajui. La kwanza, hawala ikisha kuingia kwa mpokeaji hairudi kwa amri ya aliyetuma. Benki yako itaweza kuomba tu, na kwa kawaida fedha hazirejeshwi ila mpokeaji akubali. Na mwizi hakubali. La pili ni kuwa kinachoongoza fedha ni namba kuliko jina. Mwenye kutuma fedha kwa simu amezoea kuliona jina la mpokeaji kabla hajatia namba yake ya siri. Hawala ya kwenda ng'ambo aghlabu haina kioo hicho. Hata Uingereza, ambako benki ni za miaka mingi, benki kubwa hazikuanza kulilinganisha jina na namba kwa hawala za ndani mpaka mwaka 2020. Na benki za nchi zitumiazo sarafu ya Yuro zimelazimishwa kufanya hivyo tangu tarehe 9 Oktoba 2025.

Uingereza imekwenda mbele zaidi. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za huko zimewajibishwa kumrejeshea mteja aliyetapeliwa akatuma fedha kwa mkono wake mwenyewe, mpaka pauni 85,000, na khasara hiyo hugawanywa sawa baina ya benki iliyotuma na iliyopokea. Lakini sheria hiyo ni ya hawala za ndani ya nchi tu. Fedha zikisha kuvuka mpaka, haihusiki. Basi ikiwa wao wenyewe wameona mzigo wa ng'ambo haubebeki, mkulima wa Micheweni na asitarajie kwamba yuko wa kumbebea.

Sisi wenye karafuu tungepaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Karafuu hupimwa kwenye mizani, ndipo zikalipwa. Na zinapovuka bahari, biashara kubwa ya namna hiyo ina dawa yake ya siku nyingi: benki ya mnunuzi hutoa hati ya dhamana, na muuzaji halipwi mpaka aonyeshe hati ya shehena, iitwayo BL, kuwa mali imekwisha kupakiwa melini. Yuko mtu wa katikati aliyeshika fedha. Lakini mtu huyo huyo asiyekubali kuacha gunia moja bila ya risiti, akinunua gari, hupeleka thamani yote kwa mtu asiyemjua kwa sababu ameona picha nzuri. Kweli, hati ya dhamana kwa gari moja haifai, ada zake zingeila faida yote. Lakini desturi yake yafaa kuigwa.

Minada ya intaneti imeiga. Ule wenye jina kubwa, eBay, ulioanza Marekani mwaka 1995, haukubali mnunuzi alipe kwa Western Union wala MoneyGram, na siku hizi malipo hupitia kwake kwanza kabla ya kumfikia muuzaji. Japani nayo, chama cha wasafirishaji wa gari zilizotumika, JUMVEA, kilipata kuweka mpango ambao mnunuzi hupeleka fedha kwa chama, na muuzaji hapewi mpaka aonyeshe BL. Mwulize wakala wako kama yu mwanachama wa JUMVEA na kama atakubali kuuza kwa mpango wa namna hiyo. Kisha usitosheke na jibu lake, bali kiulize chama chenyewe.

Wakala akikataa, si lazima kuwa ni mwizi, kwani wengi wa kweli hutaka kulipwa kabla ya kupakia. Hapo kazi ya kuchungua inakuwa yako. Kila kampuni iliyoandikishwa Japani ina namba yenye tarakimu 13, na namba hizo hutazamwa bila ya malipo katika intaneti kwenye daftari la Idara ya Kodi ya Taifa ya huko. Mwenye kuuza vitu vilivyotumika hutakiwa pia awe na ruhusa yenye namba ya tarakimu 12. Ziombe zote mbili. Omba na karatasi ya mnada yenye daraja ya gari, na namba ya chesisi iandikwe katika ankara. Jina la mwenye hesabu ya benki liwe ni la kampuni ile ile, na benki iwe Japani. Ukiambiwa upeleke fedha kwa jina la mtu, au kwa benki ya nchi ya tatu kwa sababu hii na ile, liache jambo hilo hata kama gari ni nzuri na bei ni ya chini. Bei ikiwa ya chini sana ndiyo khasa uiache.

Iko hila nyingine inayowapata hata wenye kuamiliana na wakala wa kweli. Mwizi huingia katika barua za kompyuta, akangoja mpaka ankara imekaribia kulipwa, kisha akaandika kwa lugha ile ile na alama ile ile ya kampuni kwamba benki imebadilishwa, na hii hapa namba mpya. Barua kama hiyo haijibiwi kwa barua. Piga simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, wala si ile iliyoandikwa chini ya barua mpya. Simu ya Japani si rahisi, lakini ni rahisi kuliko gari.

Ukisha kulipa, dai nakala ya BL, na uiulize kampuni ya meli yenyewe kama namba hiyo ipo na chesisi ni ile.

Na wale wanaouza neno lao ni fupi. Mwenye kuuza sanduku la kale au mlango wa nakshi kwa mnunuzi wa ng'ambo asitoe mali kwa kuonyeshwa picha ya karatasi ya SWIFT, kwani picha hutengenezwa na mtoto wa skuli. Angoje benki yake imwambie kuwa fedha zimeingia na anaweza kuzitoa. Na mnunuzi akidai kuwa amezidisha kwa makosa, akataka ziada irejeshwe upesi kwa njia nyingine, benki iulizwe kwanza kama malipo yale ya mwanzo ni ya kweli.

Ikiwa yamekwisha kutokea, saa ya kwanza ina thamani kuliko wiki nzima ya baadaye. Nenda benki siku ile ile, uchukue karatasi ya hawala, na utake waandike kwa benki iliyopokea kuomba fedha zizuiliwe kabla hazijatolewa. Kisha nenda polisi ukaandikishe, na uhifadhi barua zote kama zilivyo katika simu, bila ya kufuta hata moja, pamoja na zile za kutia haya.