Gemu Naipenda, Hamu Sina

Hapa kijijini Kibuyuni, maji ya bamvua yakitoka, wakulima wa mwani huteremka pwani. Jioni sisi vijana hujazana kibandani kucheza gemu ya mpira ya FIFA. Naupenda sana mchezo huo, lakini siku hizi vidole vinakuwa vizito kwenye vitufe. Zamani tulicheza kwa raha. Sasa kila mechi ina dau.

Huenda dau ndilo linalonimaliza hamu. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yaliposimama, waliyachezea kidogo kuliko awali wakati wa mapumziko. Malipo yalikuwa yameila hamu yao, kama dau linavyoila yangu.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, hamu ikikuisha usikimbilie kuuza mashine yako ya gemu. Pumzika kwanza, dau liondoe, kisha cheza na rafiki unayempenda.