Nyuzi za Kioo Zinazopima Ardhi

Weka sikio moja juu ya dawati, na uzibe la pili kwa kidole. Mwambie mwenzako aligonge dawati polepole kwa ukucha, upande wa mbali. Umesikia nini? Mtetemo umepita ndani ya mbao mpaka sikioni mwako. Ardhi nayo hupitisha mitetemo namna hiyo hiyo. Lori linapopita, au hata mtu anapotembea, ardhi hutetema kidogo. Sisi hatuhisi, lakini viko vyombo vinavyohisi.

Chombo cha kawaida cha kupima matetemeko hupima pale kilipowekwa tu. Mjini ni vigumu kufukia vyombo vingi, kwa kuwa kila mahali pana majumba na barabara. Hata hivyo, chini ya miji mingi tayari zimo kebo za simu na intaneti. Huenda umewaona mafundi wakichimba mtaro kando ya barabara na kulaza kebo ndani yake. Ndani ya kebo hizo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambazo hupitisha habari kwa njia ya mwanga. Mara nyingi baadhi ya nyuzi hizo hukaa bila kazi.

Kwenye ncha moja ya uzi usio na kazi hufungwa chombo chenye leza. Leza hupeleka mimweko mifupi ya mwanga, maelfu kwa kila sekunde. Kioo, hata kiwe safi namna gani, hakikosi kasoro ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila kasoro hurudisha nyuma mwanga kidogo, kama ukuta unavyorudisha sauti yako. Ardhi ikitikisika, uzi huvutika au hujibana kidogo mno, na mwanga unaorudi hubadilika.

Je, chombo kinajuaje ni sehemu ipi iliyotikisika? Hupima muda. Ndani ya kioo mwanga husafiri kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde. Mwanga uliorudi kutoka umbali wa kilometa 1 umesafiri kilometa 2, yaani umetumia sehemu moja tu ya 100,000 ya sekunde. Unaotoka mbali zaidi huchelewa zaidi. Hivyo uzi mmoja hufanya kazi ya vyombo vingi vilivyopangwa safu, kila baada ya meta chache.

Sasa, mitetemo hupita upesi katika mwamba mgumu, na polepole katika udongo laini. Mawimbi yake mafupi hupita karibu na uso wa nchi. Marefu hufika chini zaidi. Wataalamu hupima mwendo wa mawimbi yanayotoka kwenye magari, kisha huchora picha ya tabaka zilizo chini ya mji.

Picha hiyo ina faida gani? Weka jiwe na bakuli la uji mzito juu ya meza, kisha itikise meza. Meza ikitulia, jiwe nalo hutulia, bali uji huendelea kuyumba. Tarehe 19 Septemba, 1985, tetemeko kubwa lilitokea pwani ya Meksiko. Jiji la Mexico City liko mbali, zaidi ya kilometa 300, lakini sehemu yake kubwa imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Majumba mengi yaliporomoka na maelfu ya watu walikufa. Mitaa iliyo juu ya mwamba ilipata hasara ndogo.

Mwaka 2016, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wataalamu walianza kupima kwa uzi uliolazwa tu ndani ya mabomba ya kebo. Wengine walidhani hautahisi kitu, kwa kuwa haukushikizwa ardhini. Septemba 2017 ulihisi tetemeko lililotokea mbali, huko Meksiko. Katika mji wa Pasadena, tarehe 1 Januari, 2020, uzi mwingine ulipima gwaride la mwaka mpya: ulihisi uzito wa magari yaliyopambwa maua, na hatua za wapiga bendi waliotembea kwa pamoja.

Maswali
1. Kwa nini ni vigumu kufukia vyombo vingi vya kupimia mjini?
2. Mwanga umerudi baada ya sehemu 3 za 100,000 za sekunde. Ulirudi kutoka umbali gani?
3. Chunguza udongo wa shule yako. Je, ni mwamba, kichanga au tope?