Wimbo wa Malaika

Nani hapa Msowero hajausikia wimbo wa Malaika? Kijana anampenda msichana, lakini mahari hana. Basi analia.

Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte wa Marekani katika santuri ya mwaka 1965. Boney M. wa Ujerumani waliurudia mwaka 1981. Kilio ni cha mwanamume, lakini wanawake wameuimba vizuri sana.

Je, mtunzi ni nani? Santuri ikiuzwa, mtunzi hustahili malipo. Asiyeandikwa jina hapati kitu. Fadhili alisema wimbo ni wake. Adam Salim naye alisema ni wake. Ubishi huo haujaisha.