Je, Wajua? Wachoraji, Wazimu na Njia ya Misafara

Je, wajua kwamba...

• Kaze, kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji, leo kimo ndani ya Tabora?

• John Hanning Speke, Mwingereza aliyechora picha za safari zake, alifika Ziwa Tanganyika Februari 1858 macho yakimuuma hata akaliona ziwa kama ukungu?

• Oktoba mwaka huohuo, safari ya kurudi pwani ilipokuwa imetoka Kaze, Speke alishikwa na homa akaweweseka? Aliona mashetani wakimburuta kwa kulabu za chuma, akabweka kama mbwa, kisha akaomba kalamu na karatasi awaage jamaa zake. Alipona. Leo jirani angesema malaria ilimpanda kichwani.

• Wayeye, chama cha wacheza nyoka huko Usukuma na Unyamwezi, walichora nyoka na wahenga kwenye kuta za ndani za nyumba zao za mikutano? Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliitolea michoro hiyo kitabu mwaka 1953.

• Cory huyohuyo, akiitwa bado Koritschoner, aliandika mwaka 1936 kuhusu ngoma ya shetani kama tiba ya wagonjwa wa akili? Mgonjwa hupigiwa ngoma mpaka shetani apande na kusema anachotaka.

• Vincent van Gogh alichora picha zipatazo 150 akiwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, Mei 1889 hadi Mei 1890? Ugonjwa ulipomzidi, van Gogh alimeza rangi, akazuiwa kuzigusa. Kazi zile nyingi ni za siku za nafuu.

• Mkenya Walter Njuguna Mbugua aliacha ualimu miaka ya 1980 ili achore tu, watu wakasema amerukwa na akili? Akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu, na kwa jina la Sane Wadu akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wasanii wa Ngecha mwaka 1995.

• Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927 katika Ugogo ileile ambako misafara ilitozwa hongo ili ipite? Mtaani "apelekwe Mirembe" ni tusi. Tusi liacheni, mchoraji wenu akianza kusikia sauti, mpelekeni hospitali mapema. Picha atachora akipata nafuu.